Rudi Nyuma Hatua Ishirini

Asubuhi mbingu zikiwa safi, abiria anayeshuka Kwa Sadala hufanya jambo moja kabla hata ya kuulizia bodaboda ya kumpandisha Masama. Anatoa simu, anaupiga mlima picha, kisha anaitazama ile picha na kukunja uso. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ambacho kwa macho yake kimetawala upande wote ule wa anga, ndani ya simu kimekuwa kichuguu cheupe juu ya paa la duka la vifaa vya ujenzi. Anasogea mbele kukwepa nguzo ya umeme, anapiga tena, kichuguu ni kile kile. Mwishowe anaitia simu mfukoni, ameshaamini kwamba mlima ule haupigiki.

Unapigika, na vijana wa video wa barabara hii ya Moshi na Arusha wanajua namna. Yule abiria amekosea kusogea mbele. Mpiga video anayeijua kazi humsimamisha bi harusi mahali, akamwambia atulie hapo hapo, kisha anaondoka yeye. Anarudi nyuma hatua ishirini, pengine thelathini, anavuka mfereji wa maji, anakanyaga matuta ya maharage ya watu huku akiomba radhi, ndipo anafunga lenzi ndefu ya milimita 200 na kuchungulia. Hesabu yake ni nyepesi. Mtu aliyekuwa mita 2 mbele ya kamera, ukirudi mpaka mita 20, anakuwa mdogo mara kumi. Mlima ulio kama kilomita 30 kutoka hapo hauna habari na hizo mita 18 ulizorudi. Ukubwa wake ni ule ule. Sasa lenzi ndefu inavivuta vyote viwili kwa pamoja. Bi harusi anarudia kimo alichokuwa nacho mwanzo, na mlima umekuja naye, mkubwa mara kumi, umesimama nyuma ya shela lake kana kwamba nyumba yao imejengwa mlangoni pa theluji.

Watu husema hiyo ni kamera ya bei mbaya. Kamera ina sehemu yake, lakini sehemu kubwa ni miguu. Na subira pia, maana wingu la hapa halina adabu: ikifika saa nne asubuhi mara nyingi Kibo kimeshajifunika, na ibada ya ndoa huanza mchana. Kwa hiyo picha ile ya mlima hupigwa alfajiri, bi harusi akiwa ameamshwa usiku na mpambaji wake, au husubiriwa jioni wakati wingu linapofunguka kidogo, wageni wakiwa wameshakaa ukumbini wanauliza maharusi wako wapi. Mshereheshaji anapiga simu. Mpiga video hapokei.

Nimekaa nikiwatazama watu hawa wakifanya kazi katika harusi, ubatizo, kipaimara na misiba, na kinachonivutia kwao ni swali wanalojiuliza kabla ya kuwasha chochote: nisimame wapi? Mafundisho ya sinema kote duniani huzipanga picha kwa kipimo cha mwili wa binadamu. Kuna picha ya mbali ambamo mtu ni sehemu ya mandhari, kuna ya mwili mzima, ya magotini, ya kiunoni, ya kifuani, ya uso peke yake, na ile ya jicho au pete tu. Nyingi zimepewa jina kwa pale ambapo ukingo wa fremu unamkata mtu. Mwanafunzi anaweza kuyakariri kwa dakika tano. Kujua saa ipi inataka ipi, na nani anastahili kukaribiwa kiasi gani, huchukua miaka, na hapa wilayani Hai hujifunzwa machoni pa wazee ambao hawasiti kumwambia fundi kwamba amekosea.

Chukua picha ya mbali. Kitabuni ni rahisi: anza nayo, mwonyeshe mtazamaji yuko wapi. Sasa ingia kwenye kihamba cha Masama au Machame ukaitafute. Migomba imesongamana, chini yake kahawa, chini ya kahawa magimbi, na nyumba imejificha katikati. Ukirudi nyuma hatua tano umeshaegemea zizi. Jua linapenya majani kwa mabaka, shavu moja linang'aa na lingine liko gizani. Hakuna mahali pa kuuona mji wote kwa mara moja. Fundi mzuri haulazimishi. Anaipiga picha yake ya mbali kutoka barabarani, kwenye uchochoro wa masale, wakati wageni wanaingia kwa mstari mmoja na kumezwa na kijani. Anaiacha iendelee. Sekunde kumi, kumi na tano, mpaka mgeni wa mwisho apotee na ibaki sauti tu ya nyimbo kutoka ndani. Wengi hukata mapema, wakiogopa kwamba mtazamaji atachoka. Mimi nasema mtazamaji aliyeko Mwanza au Muscat, ambaye hajarudi nyumbani miaka mingi, hawezi kuchoka kuuangalia uchochoro wa kwao.

Picha ya magotini ina historia ya kuchekesha. Wafaransa waliipa jina la picha ya Kimarekani, kwa sababu filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani ziliipenda: mtu akikatwa juu kidogo ya magoti, uso unaonekana na bastola kiunoni inaonekana pia. Huku kwetu bastola hakuna, lakini kuna zawadi. Saa ya kutunza, upande wa mama unapoingia ukicheza na vitenge, mablanketi, sufuria na bahasha, picha ya uso inapoteza kilichobebwa, na picha ya mwili mzima inaonyesha zaidi sakafu ya ukumbi. Magotini ndipo penyewe. Unamwona shangazi anacheka, unaliona blanketi mikononi, na unaona nyonga zinavyojibu ngoma. Ndafu naye anapoletwa, mbuzi mzima wa kuchomwa, amesimamishwa na majani mdomoni, fundi hukaa umbali ule ule, ili mpishi anayemsindikiza asikatwe kichwa. Nimeona video nyingi ambamo ndafu anaonekana vizuri kuliko mtu aliyekesha akimgeuza motoni. Ni dhambi ndogo, lakini ni dhambi.

Wazee hupigwa kwa kuinama. Mzee aliyeketi kwenye kigoda au kiti cha plastiki, na kata ya pombe ya mbege mkononi, akipigwa na mtu aliyesimama, hutoka kama mtu anayekaripiwa: utosi mkubwa, macho yanaomba. Fundi anapiga goti moja, anaishusha kamera mpaka usawa wa kifua cha mzee, na mara mzee anarudi kuwa mwenye mji. Mjapani Yasujirō Ozu alijijengea jina kwa kimo hicho. Katika Tokyo Story ya 1953, kamera yake karibu haiinuki. Imekaa chini kama mtu wa nyumbani aliyeketi kwenye mkeka, ikiwasikiliza wazazi waliokuja mjini kuwatembelea watoto wao. Sidhani kama vijana wa Kwa Sadala wamemtazama Ozu. Wamefundishwa na bibi zao kwamba mkubwa haongeleshwi ukiwa umemsimamia kichwani, na kanuni imekuja kuwa ile ile.

Kanisani kazi inakuwa ya hesabu tena. Maharusi wakigeukiana kula kiapo, chora akilini mstari unaotoka pua ya bwana harusi hadi pua ya bi harusi. Kamera zote zibaki upande mmoja wa mstari huo. Ukiwa na kamera mbili na moja ikavuka upande wa pili, mhariri akija kuunganisha atakuta wote wawili wanatazama kulia, kana kwamba wanaapa mbele ya mtu wa tatu aliye nje ya fremu. Si rahisi kuutii mstari ule katika kanisa lililojaa, ambamo kwaya iko upande mmoja, wasimamizi wako mwingine, na mzee wa kanisa amekwisha kumwonya mpiga video asikanyage zulia la madhabahuni. Niliwahi kumwona fundi mmoja amemtuma msaidizi wake kukaa kwenye benchi la mbele kabla ya ibada, amevaa suti, kamera mapajani, kama muumini mwingine yeyote. Kiapo kilipofika hakukuwa na purukushani. Kijana aliinua mikono tu.

Hapo hapo kanisani kuna vita nyingine, ya gauni. Kamera ikiachwa iamue yenyewe, inaliona gauni jeupe, inadhani mwanga umezidi, inatia giza kila kitu, na uso wa bi harusi mweusi unapotea huku lesi ikionekana nyuzi kwa nyuzi. Ugonjwa huu ni wa zamani kuliko kamera za kisasa. Kwa miaka mingi kadi ambazo maabara za picha za Kodak zilitumia kusawazisha rangi zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, na yeye ndiye aliyekuwa kipimo cha ngozi kwa dunia nzima. Fundi wa hapa hupima mwanga shavuni kwa bi harusi, akaufunga kwa mkono, na kuliacha gauni liungue kidogo ikibidi. Lesi ilikodishwa, uso ni wa kwao.

Na picha ya uso peke yake? Hiyo ina kesi yake na historia. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha huko Vugiri, milima ya Usambara, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walitengeneza filamu fupi 35, mojawapo ikihusu kahawa chini ya kivuli cha migomba, wakazizungusha kwa lori vijijini. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda Colonial Film Unit chini ya William Sellers, aliyewahi kufanya kazi ya afya Nigeria, na hapo ikazaliwa nadharia kamili kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kusoma sinema kama wengine. Apewe picha ndefu, za polepole, zisizorukaruka, na picha ya karibu itumike kwa hadhari kubwa. Ushahidi wao waliopenda kuusimulia ni wa mbu. Watazamaji walionyeshwa mbu aliyejaa turubai zima, wakaelezwa kuhusu malaria, wakajibu kwamba wao hawana wasiwasi, kwao hakuna mbu wakubwa kiasi kile.

Kisa hicho kilirudiwa kwa uzito wa utafiti. Mtu yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya wazee wakati mgeni anawaelimisha atasikia humo jambo jingine kabisa. Yule aliyejibu vile alikuwa anatania, na wenzake walicheka kimoyomoyo, na bwana mkubwa akachukua kalamu akaandika.

Maana ukitaka kujua kama bibi wa Masama anaelewa picha ya karibu, kaa naye anapoangalia video ya kipaimara cha mjukuu. Hapepesi. Uso wa binti yake ukija umejaa skrini, machozi yako ukingoni na hayajaanguka, bibi anasema, "Hapo alikuwa anamkumbuka baba yake," na hakuna aliyemwambia. Carl Dreyer alijenga filamu nzima juu ya imani hiyo mwaka 1928, The Passion of Joan of Arc, nyuso tupu, uso wa Renée Falconetti ukibeba kesi yote bila neno kusikika. Bibi analalamika jambo moja tu, kwamba uso wa mkwe umeonyeshwa mara nne na wa mwanawe mara mbili.

Ufundi wa picha hii ni kujua lini usiipige, na shule yake kubwa ni msiba. Wachagga huzika nyumbani, ndani ya kihamba, na siku hizi ndugu walioshindwa kusafiri hufuatilia mazishi moja kwa moja kwa intaneti, wakiwa kazini Ulaya au Marekani, simu imeegemezwa kwenye kikombe. Kwa hiyo mpiga video anaitwa, na anatakiwa aonyeshe. Lakini aonyeshe nini mjane anapoaga? Ile lenzi ndefu iliyouleta mlima mgongoni kwa bi harusi inaweza pia kulileta chozi la mjane kutoka mita 30 bila yeye kujua. Miguu imebaki mbali kwa heshima, na jicho limekwenda kuiba.

Kijana mmoja wa huku aliyezoea kazi za misiba aliniambia anachokifuata, na sijasikia mwalimu wa sinema akikisema vizuri zaidi. Hasogei, kwa miguu wala kwa lenzi, kupita pale ambapo jirani asiye ndugu angesimama. Mjane anampiga kutoka nyuma ya bega, ili yule wa ng'ambo aone anachokiona mjane na asimtazame mjane mwenyewe. Kisha anatafuta mikono: mikono inayopokea udongo, mikono ya wanakwaya ikifungua kitabu, mkono wa mtoto umeshika kanga ya mtu. Uso anaupiga baadaye, wakati wa salamu za rambirambi, mjane mwenyewe akiwa amesimama, amejitayarisha kutazamwa. "Ndugu zake watakuja kuniamkia barabarani, kaka," alisema. "Nitawaangalia na macho gani?"

Picha za mwendo ni furaha tupu, na hapo barabara kuu inageuka studio. Msafara wa harusi ukitoka kanisani, mbele kuna pikapu ya matarumbeta, nyuma yake magari ya maharusi yenye maua, na mbele ya wote kuna mpiga video amekaa kinyumenyume kwenye bodaboda au amesimama kwenye paa lililofunguliwa la gari, mshipi umefungwa kiunoni. Dereva anatakiwa ashike mwendo mmoja, asiongeze, asipunguze, kwa sababu umbali ukibadilikabadilika picha inapumua vibaya. Kazi hii ina babu yake hapa jirani. Howard Hawks alipopiga Hatari!, filamu iliyotoka 1962, akiwa na John Wayne katika mashamba ya Momella chini ya Mlima Meru, magari yalikimbizana na vifaru na twiga huku kamera ikikimbia sambamba, na Russell Harlan akapendekezwa kwa tuzo ya Oscar kwa upigaji huo. Wao walikuwa na magari yaliyotengenezwa maalumu na walikuwa na mbuga yote. Bodaboda wetu ana mabasi ya Arusha yanayompigia honi na punda wa maji anayevuka bila kuangalia.

Kuhusu droni nitasema kifupi, kwa sababu imeshasemwa sana na wateja. Kila kamati ya harusi sasa inaiulizia kabla ya kuuliza jambo lolote. Droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na uwanja wa ndege wa KIA hauko mbali na hapa, kwa hiyo fundi mwenye akili hufuata taratibu au huiacha nyumbani. Uzuri wake naukubali. Tangu Januari 1930, Mswisi Walter Mittelholzer aliporuka na ndege juu ya Kibo na kuipiga picha kreta yake kutoka angani, hakuna ubishi kwamba juu kunaonekana mambo. Lakini ipandishe juu ya kihamba uone inachokupa: majani ya migomba, bati, turubai la bluu, majani ya migomba. Sherehe yote iko chini ya majani, na droni haiwezi kuinama.

Nikitaka kumjua fundi, siangalii begi lake la vifaa. Naangalia anavyofanya siku moja kabla, anapokuja nyumbani kwa wenye shughuli, anapokelewa kwa mtori, na kukaa na mama mwenye nyumba au mjumbe wa kamati. Waandaaji wa filamu wana orodha ya picha, kila moja na namba yake, umbali wake na lenzi yake. Yeye ana daftari la shule. Haulizi watapita mlango gani wala keki itakatwa saa ngapi. Hayo atayaona mwenyewe. Anauliza watu. Nani amemlea bi harusi mama alipokuwa kazini? Baba mdogo yupi haelewani na yupi, ili wasije wakatiwa fremu moja wakaulizana baadaye? Nani amepanda basi kutoka Mbeya? Bibi yupi hasikii vizuri, ili akitajwa na asisimame, kamera iwe imeshamfikia? Anaandika majina, na mbele ya kila jina anaweka alama yake: M ya mbali, K ya kiunoni, U ya uso. Mama mwenye nyumba anaichungulia orodha, anakuta shangazi wa bwana harusi amewekewa K, anamnyang'anya kalamu na kuandika U, mara mbili.